Sahani Zilizozidi Majina

Daftari ninalolikusudia lina jalada jeusi la kadibodi na mgongo wa kitambaa chekundu kilichofifia, na kurasa zake hadi leo zina harufu ya moshi wa kuni, kwa kuwa aghalabu lilikuwa likilazwa juu ya gunia la kunde katika ghala iliyopakana na jiko. Kila ukurasa una safu mbili nilizozipigia mstari kwa mkono wangu: ya kushoto ni idadi ya wanafunzi walioitikia majina yao asubuhi, na ya kulia ni idadi ya sahani zilizopakuliwa adhuhuri. Katika shule iliyo salama safu mbili hizo hulingana, au ya kulia ikapungua kidogo kwa sababu ya mtoto aliyeshikwa na homa akarudi kwao. Lakini zifungue kurasa za Novemba 2021, utakuta siku baada ya siku majina 204 na sahani 251, majina 198 na sahani 247. Na mtu asiyejua habari za mahali pale atahukumu kwamba aliyeandika alikuwa ama mwizi ama mjinga wa hesabu. Aliyeandika ni mimi.

Sikuwa mwalimu. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya shule ndogo ya hisani iliyoko bara ya Malindi, kando ya njia iendayo lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, katika nchi ya Wagiriama ambako mvua ikinyesha mahindi humea hata mlangoni pa nyumba, na isiponyesha mbuzi hula makuti ya paa. Serikali ilifanya elimu ya msingi kuwa bila malipo tangu mwaka 2003, na hiyo ni neema isiyokanika. Ila tangazo halifupishi njia, na shule ya serikali iliyokuwa karibu ilitaka mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto, tena kuvuka korongo ambalo siku za masika hujaa maji ya kumzoa mtu mzima. Kwa hiyo wazee walijenga banda, wakatafuta walimu, na baada ya banda wakapata wafadhili.

Wafadhili wenyewe walikuwa Wataliano. Msomaji aliyepata kutembea Malindi hahitaji kuelezwa jinsi Kiitaliano kilivyoingia katika vinywa vya wauza matunda na madereva wa tuktuk. Wataliano walifika pande zile miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco, huko Ngomeni, wakaonja jua, wakawaita jamaa zao, hata ikawa kila kaskazi ivumapo huja na wageni wake kama ilivyokuwa ikija na majahazi. Miongoni mwao walikuwapo wazee waliostaafu, mume na mke, na rafiki zao wachache, ambao kila Januari walipanda gari hadi shuleni, wakaketi kwenye madawati ya watoto magoti yakiwagusa kidevu, wakaulizia mahindi, kunde, mafuta na mishahara, kisha wakatoa. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na desturi, na desturi ndiyo iliyoiendesha shule ile miaka mingi, maana mtu hawezi kupanga muhula wa wiki 14 kwa huruma ya siku moja.

Ilipofika Machi 2020, msiba mmoja ulituingilia kwa milango miwili. Tarehe 9 Italia nzima ilifungwa, na wale wazee wetu, waliokwisha kurudi kwao kaskazini, wakatuandikia ujumbe mfupi kwamba wanazika na hawaruhusiwi kwenda maziarani. Siku nne baadaye, Ijumaa ya tarehe 13, mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini Kenya. Jumapili ya tarehe 15 Rais akaamuru shule zote zifungwe. Na kabla mwezi haujaisha ndege za abiria kutoka nje zikapigwa marufuku na watu wakaamriwa kutotoka nje usiku. Tarehe 8 Aprili ikawa zamu ya Kilifi, Kwale na Mombasa kufungiwa mipaka, asiingie mtu wala asitoke, amri iliyodumu hata Juni kwa Kilifi na Kwale, na hata Julai kwa Mombasa. Hoteli za Watamu na Malindi zikafunga milango. Baba aliyekuwa mtunza bustani, kaka aliyekuwa mhudumu wa mezani, shangazi aliyekuwa akiuza vinyago ufukoni, wote wakarudi bara kwa miguu au kwa pikipiki, kila mmoja na mkoba wake, wakazidisha idadi ya walaji katika nyumba ambazo hadi jana walikuwa wakiziletea chakula.

Ghalani mlikuwamo magunia 11 ya mahindi na matatu ya kunde. Kamati ilikutana chini ya mkwaju, kila mtu mbali na mwenziwe kama watu waliogombana, ikajadili swali ambalo halimo katika kanuni yoyote niliyopata kuisoma: chakula cha shule iliyofungwa ni cha nani? Mwenyekiti wetu, mzee mwenye insafu asiyependa kulaumiwa, alishika neno moja, kwamba kile ni amana, kilitolewa kwa ajili ya wanafunzi walio darasani, na madhali madarasa yamefungwa, ghala nayo na ifungwe hata wenye mali watoe idhini. Nilimuunga mkono. Mpishi, mwanamke mtu mzima ambaye watoto humwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama, hakuwa mjumbe. Alikuwa ameleta maji ya kunywa tu. Aliweka jagi chini, akasema, “Wazee wangu, hao dumuzi walio ndani hawakuambiwa kwamba shule imefungwa.”

Tuliifungua ghala siku ya pili yake. Ili mkutano usionekane na naibu wa chifu, kila nyumba ilituma mtu mmoja kwa saa yake, na Hawe alipima kwa kopo la kilo moja alilokuwa akiliita kibaba, ingawa kibaba cha wazee hakikuwa na uzito huo, akilifuta juu kwa ubao ili asipunje wala asizidishe. Nyumba ilipata kwa hesabu ya watoto wake waliomo katika orodha ya majina. Baada ya wiki tano ghala ilibaki na vumbi la dumuzi, na sisi tukabaki na barua kutoka Italia iliyochelewa, yenye idhini tuliyoiomba.

Juu ya masomo ya miezi ile sina mengi ya kusema. Taasisi ya mitaala ilirusha vipindi redioni na katika televisheni, na vilikuwa vipindi vizuri. Ila katika vitongoji vyetu redio huliwa na betri, na betri na chumvi hununuliwa kwa mfuko mmoja. Mwalimu mkuu alijaribu kuzunguka na karatasi za maswali kwa baiskeli, akaacha mpira wa gurudumu ulipokwisha.

Walimu ndio nisiowasahau. Mwalimu wa serikali, hata shule ilipofungwa, aliendelea kupata mshahara wake kutoka Tume ya Huduma kwa Walimu. Wa kwetu hawakuajiriwa na Tume, waliajiriwa na kaskazi, na kaskazi ile haikuleta mtu. Mmoja alinunua pikipiki ya mkopo akabeba abiria. Mwingine alirudi kugema mnazi, kazi aliyokuwa ameiacha alipokuwa mwanafunzi, akaniambia kwamba mikono ilikumbuka ila kifua hakikukumbuka, maana kupanda minazi 10 alfajiri si sawa na kupanda miwili. Wa tatu, mwanamke aliyefundisha watoto wadogo vizuri kuliko mwingine yeyote niliyepata kumwona, aliingia katika kuchoma makaa, na shule ilipofunguliwa hakurudi. Alikuwa amepata riziki iliyolipwa siku hiyo hiyo. Nilikwenda kumsihi. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa kiti, akauliza, “Bwana, mnanilipa lini?” Nikawa sina jibu.

Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi watoto wa gredi ya nne na wa darasa la nane peke yao, na wengine wote Januari 4, 2021. Masharti yalikuwa mengi na ya haki: barakoa, umbali, kunawa mikono kila mara. Tukatundika vibuyu chirizi, yaani madumu yaliyotobolewa na kuvutwa kwa kamba ya mguu, nje ya kila darasa. Ajabu ya nchi ile ni kwamba maji huchotwa visimani Baricho, kandokando ya Mto Sabaki, yakapigwa pampu hata yakafika Mombasa, ilhali mwanafunzi wetu huja shuleni na dumu la lita tano mkononi kama ada ya kuingilia. Basi mtoto aliyekuwa akileta dumu moja kwa ajili ya chungu akatakiwa kuleta la pili kwa ajili ya mikono, na kwa haki niseme kwamba walilileta.

Lakini vuli ya 2020 haikunyesha. Wala masika ya 2021 hayakutosha, wala vuli iliyofuata, wala masika yaliyofuata, wala vuli ya 2022. Misimu mitano mfululizo, jambo ambalo nchi haikuwa imeliona kwa miaka 40. Ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa tarehe 8 Septemba 2021. Kule kwetu tangazo lilikuwa limetanguliwa na mchunga, mboga chungu ya porini ambayo mama mwenye akiba huichanganya na nazi na mama asiye na akiba huichemsha peke yake. Ukiona watoto wanakuja na meno ya kijani asubuhi, huhitaji tangazo.

Sasa nieleze hesabu ya chungu, kwa sababu watu wema wengi wamepata kuisaidia shule bila ya kuijua. Kipimo kilichozoeleka katika mpango wa chakula cha shule nchini, ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hata ukakabidhiwa serikali kikamilifu mwaka 2018, ni gramu 150 za nafaka kwa kila mtoto kwa siku, 40 za kunde au maharagwe, 5 za mafuta na 3 za chumvi. Sisi hatukuwamo katika mpango huo, ila tuliazima kipimo chake. Gunia la kilo 90 basi hutoa sahani 600, na shule ya watoto 200 humaliza gunia kila siku ya tatu. Chungu chetu, ambacho kwa kweli ni sufuria ya alumini yenye kimo cha mtoto wa miaka mitano, kilipikwa pure kila siku, mahindi na kunde, chakula ambacho watu wa juu huita githeri. Kilo 30 za mahindi hulowekwa jioni, moto huwashwa saa kumi na moja alfajiri, na kuni zake ni hesabu nyingine ambayo hakuna mfadhili aliyepata kuniuliza.

Hawe hakujua kusoma, lakini hakuna gunia lililopita mlangoni pake bila mtihani. Alikuwa na chupa ya kioo aliyoianika juani hata ikakauka kabisa. Alitia ndani yake punje za mahindi hadi robo, akaongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, akaifunga, akaitikisa kwa muda wa kuimba wimbo mfupi, kisha akaiweka juu ya jiwe na kwenda zake kuchambua kunde. Akirudi, huitazama. Chumvi ikiganda ubavuni mwa kioo, mahindi yana unyevu na yataota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Chumvi ikianguka yote chini, mzigo hupokewa. Nimemwona akirudisha magunia manne mbele ya dereva aliyekuwa akitukana, wakati ghala ilikuwa na chakula cha siku mbili. Machi 2021, serikali ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu hiyo hiyo, kisha ikaruhusu tena kwa masharti baada ya siku chache, mwenye duka wetu alipandisha bei kwa lile katazo akasahau kuishusha kwa ile ruhusa.

Habari ya zile sahani ilianza na msichana mmoja wa gredi ya nne. Mwalimu wa zamu aligundua kwamba kila siku mtoto yule huchora mstari kwa kidole katikati ya pure, hula upande mmoja hadi mstarini, kisha upande wa pili huukomba ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, akalifunika kwa jani la mgomba. Alipoulizwa alisema anashiba upesi. Siku ya nne Hawe hakumuuliza; alimpakulia sahani mbili. Na mtoto ambaye ana mdogo wake nyumbani ana jirani ambaye naye ana mdogo wake. Kabla ya wiki mbili kutimia, walikuwa wakija wenyewe, wa miaka mitatu na minne, kila mmoja na kopo lake, wakisimama nje ya ua wa miba karibu na jiko bila kusema neno. Hawe aliuvuta ule mwiba mmoja unaofanya mlango.

Wakati huo wale wazee wa Italia walikuwa wamerudi kutoa kidogo walichoweza, na pengo lililobaki lilizibwa na wafadhili wengine, ambao sitawataja, watu waliozoea kazi zao na fomu zao. Walitupa kwanza darasa jipya, ambalo tulilishukuru ingawa hatukuliomba; darasa huandikwa jina juu ya mlango, chumvi haiandikwi jina popote. Baada ya darasa wakakubali kulipia chakula, kwa sharti kwamba kila mwezi wapelekewe nakala ya daftari langu. Nami, Septemba 2021, nilifanya jambo ambalo nimeahidi nafsi yangu kulisema: kwa siku tatu mfululizo niliandika kwamba sahani zilikuwa sawa na majina. Nilijiambia kwamba huu si uwongo bali ni jamala kwa watu wasiotaka kusumbuliwa. Mwalimu mkuu, alipofika kutia sahihi, hakusema kitu. Aliomba kalamu nyekundu, akakata tarakimu zangu tatu, akaandika za kweli juu yake. Mikato ile ipo.

Nakala ilipofika, barua ilirudi upesi kuliko fedha. Wakataka maelezo ya sahani 47 zilizozidi, na kwa nini watoto wasiosajiliwa wanakula chakula kilichokusudiwa wanafunzi. Katika kikao chetu palikuwapo rai ya kuwasajili wale wadogo kama wanafunzi wa chekechea, ambayo ilikataliwa kwa kuwa hatukuwa na mwalimu wala chumba cha chekechea. Na palikuwapo rai ya kuwafukuza, iliyotolewa kwa sauti ndogo, na aliyeitoa hakutakiwa hata kuiondoa. Mwisho nilipiga mstari wa tatu katika daftari, nikaandika juu yake neno moja: Wageni. Jibu la wafadhili lilikuwa la adabu. Tangu muhula uliofuata walilipia majina.

Hivyo kilo 30 zilezile zikagawanywa kwa 250, na kila sahani ikawa na gramu 120 badala ya 150. Hawe aliziba tofauti kwa maji, kwa kisamvu wakati kilipopatikana, na kwa upawa aliokuwa akiuinamisha kwa namna ambayo sahani ilionekana imejaa. Wafanyabiashara wawili wa Malindi walitupa sadaka ya magunia sita mwezi wa Ramadhani. Fauka ya hayo, kalenda ya shule ilikuwa imebanwa ili kufidia mwaka uliopotea, hata 2022 ikawa na mihula minne, na baadhi ya likizo zikawa za siku chache tu. Na likizo, kwa shule ya hisani, ndiyo majira ya kubisha hodi kwa watu. Nilibisha hodi kwa simu kutoka njiani.

Mwaka huo huo bei ya unga ilipita shilingi 200 kwa pakiti ya kilo mbili, na Julai, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ikaiteremsha hadi 100 kwa ruzuku. Jamaa zangu wa mjini walinipigia simu kunipongeza. Ruzuku ilikuwa ya pakiti za unga, ilhali sisi tulinunua mahindi ya gunia. Na pakiti zenyewe, dukani kwetu, ziliishi kama habari. Septemba serikali mpya ikaifuta.

Masika ya 2023 yalinyesha. Siyasimulii, kwa kuwa mvua njema haina kisa. Mahindi yalikua, ua wa miba ukafunikwa na matango mwitu, na mwalimu wa pikipiki akaomba siku mbili akapalilie. Katikati ya Julai niliketi ghalani kama kawaida, nikaandika majina 221, nikamsikiza Hawe akinihesabia sahani kutoka mlangoni. Sahani 187. Nikamwambia ahesabu tena, akahesabu tena. Safu ya Wageni nikaiwekea kistari.

Mwezi uliofuata barua ikaja: kwa nini sahani ni pungufu ya majina, na chakula kilichobaki kimekwenda wapi? Nilimsomea Hawe alipokuwa akisugua sufuria kwa majivu, mikono imezama hadi kwenye kiwiko. Alicheka hata akalazimika kushika ukingo.

“Waandikie, mwanangu,” akasema, “wamekula mahindi mabichi kwao.”